Limau la Dirishani

Pai ya kwanza ililetwa na mke wa mchungaji, nami nikamrudisha nayo kutoka mlangoni.

"Mama Mchungaji," nilimwambia, "mume wangu hajafa."

Ludie alibaki amesimama kibarazani na pai yake ya zabibu kavu mikononi, uso umemwiva kwa aibu. Najua chini ya ile sahani alikuwa ameshabandika kipande cha utepe chenye jina lake. Ndivyo tunavyofanya bondeni kwetu: ukipeleka chakula kwenye msiba unaandika jina lako chini ya chombo ili kikurudie, na mfiwa naye hakirudishi kitupu, lazima atie kitu. Ni desturi nzuri na nimeifuata maisha yangu yote. Lakini ina wakati wake. Ukiona majirani wameanza kubandika majina chini ya sahani na mgonjwa wako bado anapumua, ujue wameshaongea na daktari.

"Nimeleta tu ya kujiliwaza, Arvella," alisema kwa ile sauti yake ya kanisani.

"Basi kajiliwaze nayo wewe."

Nikafunga mlango. Sebuleni Denzil alikuwa anacheka, kicheko chake cha siku zile, mabega yanatikisika na sauti haitoki.

"Umemfukuza nani tena?"

"Ludie na zabibu zake."

"Aah, zile anawapikiaga maiti."

"Ndiyo maana nimemfukuza."

Kitanda cha hospitali tulikuwa tumekiweka pale sebuleni, kati ya kochi na ukuta wa jikoni, ili anione nikipika, na mashine ya oksijeni ikinguruma pembeni mchana kutwa. Vumbi la makaa lilimkaa kifuani tangu ujana wake. Mgodi ulikuwa umefungwa mwaka uliotangulia, wenye kampuni wakaenda zao na kutuachia mlima uliokatwa kichwa na wanaume wanaokohoa. Vijana wote walikimbilia Ohio kutafuta kazi, mwanetu Garland akiwa mmoja wao. Hata duka la pale chini lilifunga milango, ikawa ukitaka kibiriti uendeshe gari hadi mjini. Nilikuwa na hasira na kila mtu wakati ule. Nilikuwa na hasira na Ludie, na kampuni, na daktari, na nikikosa mtu namkasirikia paka wetu.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba Denzil alikuwa ameacha kula. Nilimpikia supu, akageuza uso. Nilimpikia viazi vya kuponda na maziwa, akaweka kijiko kimoja mdomoni na kukitema taratibu kwenye kitambaa, akidhani sioni. Daktari alisema nisimlazimishe. Rahisi kusema hivyo ukiwa si wewe uliyemlisha mtu huyo tangu siku ya harusi.

Asubuhi ile, baada ya Ludie kuondoka, nilikaa kitandani kwake nikamwuliza, "Denzil, sema unachotaka. Chochote. Hata ukitaka nyama ya dubu, nitaenda kumtafuta dubu mwenyewe."

Alifumba macho muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia.

"Nataka pai ya limau," alisema. "Ya mama."

Hapo ndipo penye kidonda changu. Nimeolewa na Denzil zaidi ya miaka arobaini, na katika miaka hiyo yote nimempikia pai ya limau sijui mara ngapi: Krismasi, siku za kuzaliwa, siku mgodi ulipomporomokea wakamtoa mzima. Nimejaribu limau bichi na limau bivu, nimetia maganda, nimeacha maganda, nimewauliza wanawake wa makanisa matatu. Kila mara Denzil anakula kipande chote, analamba uma, halafu ananiangalia kwa upole na kusema maneno yale yale: "Tamu, mke wangu. Lakini siyo yenyewe."

Mama yake, Mama Zella, alifariki Garland akiwa bado ananyonya, na hakuniachia lolote. Mtu pekee aliyejua pai ile ilivyopikwa alikuwa Icel, dada yake mkubwa Denzil, na mimi na Icel tulikuwa hatusemeshani. Siku ya kumzika Mama Zella nilimfuata jikoni nikamwomba anifundishe. Alikuwa anaikausha ile sahani ya bati ya mama yake, nyeupe yenye ukingo wa buluu. Aliniangalia toka juu mpaka chini, akaitia sahani kwenye mkoba wake, akasema, "Hayo si mapishi ya kumpa kila mtu." Kila mtu! Mimi, niliyemuogesha mama yao mpaka pumzi ya mwisho. Tangu siku hiyo tukawa tunapeana migongo kanisani.

Lakini sasa mume wangu anakufa na njaa yake ni ya kitu kimoja. Nilitaka akile. Na nisifiche, nilitaka pia kumsikia, mara moja tu kabla hajanitoka, akisema "Ndiyo yenyewe." Sikumwomba Mungu kingine wiki ile, maana vingine nilishaona havitolewi.

Nikamwita jirani akae naye, nikavaa koti, nikaendesha gari kupanda mto hadi kwa Icel.

Icel anaishi peke yake kwenye nyumba ya magurudumu ambayo magurudumu yake yalishazama udongoni. Alifungua mlango kidogo, akachungulia kwa jicho moja.

"Amekufa?"

"Hajafa. Kwa nini kila mtu anauliza kama amekufa?"

"Sasa wewe umefuata nini kwangu? Miaka yote hii hujui njia, leo umeijua?"

"Nimefuata pai, wifi."

Hakutegemea kuitwa wifi. Alifungua mlango kidogo zaidi. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyofikiri, vidole vimepinda kwa baridi yabisi.

"Hali chochote," nikamwambia. "Anataka pai ya limau ya Mama Zella. Nimekuja kukuomba. Ukitaka nipige magoti nitapiga, lakini fanya haraka, magoti yangu yenyewe mabovu."

"Usinichekeshe," alisema, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Amesema mwenyewe? Ya mama?"

"Kwa kinywa chake."

Aliushika mlango kwa kiganja. Nilidhani atanifungia mlango usoni kama nilivyomfungia Ludie.

"Nitakuja," alisema. "Lakini nitapika peke yangu, na mlango wa jikoni ufungwe. Usiingie."

"Jikoni kwangu mwenyewe nisiingie?"

"Unataka pai au unataka jikoni?"

"Nataka pai."

Alifika siku iliyofuata kabla ya saa sita mchana, amevaa nguo ya Jumapili, na mkoba ule ule. Kwanza alimwendea mdogo wake. Wale wawili hawakuwa watu wa kukumbatiana, lakini Icel aliinama akampangusa paji la uso kwa kiganja, akampangusa tena, kana kwamba kuna masizi. Halafu alitoa mkobani limau moja, jipya, la manjano kabisa, akaliinua mbele ya macho yake.

"Unaliona, Denzil? Limau hili hapa. Naenda kupika."

Denzil alitabasamu. "Naliona, dada."

Lilikuwa jambo la ajabu kidogo, kumwonyesha mtu mzima limau kama anavyoonyeshwa mtoto, lakini Icel ni mtu wa ajabu siku zote. Aliingia jikoni akafunga mlango.

Nilivumilia. Nilimsikia akisukuma unga juu ya meza, taratibu, anapumzika, anaanza tena. Nilisikia sufuria, kisha kijiko kikaanguka sakafuni, Icel akalaani, kijiko kikaanguka tena. Hapo uvumilivu ukaniishia. Mle ni jikoni kwangu na kile ni kijiko changu. Nikamwambia Denzil naenda kuangalia kuku, nikazunguka nje, nikaingia kwa mlango wa nyuma.

Icel alikuwa amesimama kwenye jiko, amekishika kijiko kwa viganja viwili maana vidole vimemgomea. Kwenye sufuria kulikuwa na sukari, unga, maji na viini vya mayai. Limau lilikuwa dirishani, zima, halijaguswa na kisu. Na mezani, imefunguliwa kizibo, ilikuwa chupa ya siki. Siki yangu ya tofaa, ile ninayotilia matango na kufutia vioo.

"Unamwekea mgonjwa siki?" Nilisahau kunong'ona. "Mtu yuko kitandani anakufa, wewe unakuja kunichezea? Hiyo chuki yako haina hata aibu?"

"Punguza sauti!"

"Sipunguzi!"

"Arvella, nakuomba." Alisema hivyo akilia, na sikuwahi kumwona Icel akilia, hata kaburini kwa mama yake. "Asisikie. Nakuomba asisikie. Funga mlango, nikwambie."

Nikaufunga.

Alinieleza huku michirizi ikimshuka mashavuni bila kuifuta. Denzil alikuwa mdogo, hajaanza shule, na wanaume wote wa bonde walikuwa kwenye mgomo. Duka la kampuni liligoma kuwauzia. Nyumba ile ilikuwa na watoto sita, wanakula maharage asubuhi na maharage jioni. Denzil akashikwa na surua, akawa hali kitu, akawa anasema jambo moja tu, kwamba anataka pai ya limau kama ile aliyoiona kwa mke wa meneja, ambako mama yao alikuwa anafua nguo.

"Mama akaenda kumwomba yule mama limau," Icel alisema. "Akapewa moja. Moja tu! Akalishika mkononi njia nzima mpaka nyumbani. Sasa ukilikamua, unapata pai moja, basi, imekwisha. Na mgomo hakuna anayejua mwisho wake. Mama akakaa hapo mezani analitazama. Halafu akaliweka dirishani, akachukua siki."

"Siki."

"Siki ilikuwepo, ya kusindikia. Akapika. Tukaona limau, tukaonja uchachu, tukaamini. Denzil akala, akapona. Basi ikawa kila akipika analichukua lile limau dirishani, analipitisha mbele yetu, 'Wanangu, leo pai ya limau,' anaingia jikoni anafunga mlango. Kesho yake limau liko dirishani. Tulikuwa wajinga jamani! Watoto sita, hakuna aliyeuliza mbona halikwishi. Mimi nilijua kwa sababu nilikuwa mkubwa, namsaidia."

"Na ukaapa usiseme."

"Aliniapisha akiwa kitandani, pale ulipotoka kwenda kuteka maji. Alisema, 'Denzil asije akajua nilimlisha siki. Anajivunia sana ile pai.' Kwa kweli alipigana shuleni kwa sababu yake, mtoto mmoja alimwambia nyinyi hamna uwezo wa kununua limau. Ningekupa vipi mapishi, Arvella? Wewe mdomo wako hauna kufuli. Ungemwambia siku hiyo hiyo."

Ilinichoma, kwa sababu ni kweli. Ningemwambia tukifika nyumbani, kabla gari halijazimwa.

Nilikaa kwenye kiti, nikamlilia Mama Zella, ambaye nilimzika zamani na nilidhani nilishamaliza kumlilia. Nikamwona anashuka njia ile na limau mkononi. Halafu nikanyanyuka, nikachukua kijiko kutoka viganjani mwa Icel.

"Niambie," nikasema.

"Nikwambie nini?"

"Vidole vyako haviwezi. Niambie, nikoroge mimi."

Basi alisimama begani kwangu akaniambia. Koroga, usiache, itashika chini. Siki sasa, kidogo, onja, bado, tia tena. Siagi mwisho, moto ukiwa umezimwa. Kungumanga kidogo tu, ya kunusa. Nilishangaa uji ule ulivyokuwa mwepesi na wa kawaida. Tulimimina kwenye ganda la unga lililokandwa kwa mafuta ya nguruwe, ndani ya ile sahani ya ukingo wa buluu, tukaiingiza oveni. Icel alikaa kusubiri, nami nikarudi sebuleni kwa mume wangu, nimenawa uso.

Harufu ilikuwa imeshafika. Denzil alikuwa amefumba macho, pua juu.

"Ni siki ya dukani hiyo," alisema. "Mama alikuwa anatengeneza yake."

Nilisimama pale pale.

"Siki gani? Hiyo ni limau, Denzil. Umeliona mwenyewe."

"Kaa chini, mwanamke. Huwezi kudanganya hata paka."

Nikakaa. Alizungumza kidogo kidogo, anapumzika kwenye mashine, anaendelea.

"Miezi kadhaa baada ya kupona surua nilipanda juu ya kiti. Nikalichukua lile limau dirishani. Nilitaka kulilamba tu." Akapumua. "Lilikuwa limekauka likawa jiwe, Arvella, kisu hakijaligusa. Nusura nivunje jino. Nikalirudisha vile vile nilivyolikuta."

"Kwa hiyo unajua toka mtoto?"

"Toka mtoto."

"Na ulipigana shuleni?"

"Yule mtoto alikuwa anasema kweli. Ndiyo maana nilimpiga."

"Denzil! Mimi miaka yote nakamua malimau kama mwehu! Ungefungua mdomo mara moja tu ukasema siki!"

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na nikamshika mpaka kikamwachia. Mgongo wake ulikuwa mifupa mitupu chini ya mikono yangu.

"Ningesemaje?" alisema alipopata pumzi. "Nikisema, ni kama namtoa mama hadharani. Yeye alitaka liwe limau. Basi likawa limau." Akanishika kidole. "Na za kwako nilikula zote. Sikubakiza hata moja."

"Lakini siyo yenyewe."

"Siyo yenyewe," alikubali. "Na Icel usimwambie. Anadhani analinda siri ya mama. Mwache ailinde, hana kingine."

Nilimwahidi. Mimi, mdomo usio na kufuli.

Pai ilitoka oveni imepanda katikati, juu imeshika rangi ya asali. Nilichukua kisu papo hapo. Sikujali kama inachemka, nilitaka kumpelekea. Lakini Icel alinidaka mkono.

"Ukiikata sasa itamwagika yote, itakuwa supu. Iache ipoe, ishike."

"Na akila supu kwani kuna nini?"

Denzil alitusikia. "Pai ya mama inakatwa ya moto?" aliita kutoka sebuleni. "Mmesikia wapi hayo? Iwekeni dirishani."

Nilienda mlangoni na kisu mkononi. "Denzil, onja kidogo tu. Ncha ya kijiko. Uniambie kama ndiyo yenyewe."

"Nitakwambia ikipoa," alisema. "Mambo ya haraka ya nini? Nimeisubiri miaka mingapi, nishindwe saa mbili?"

Mtu hajala wiki nzima, ameiomba mwenyewe, sisi tumeipika, na ni yeye aliyesema tusubiri. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo sote tulivyolelewa bondeni kwetu: pai haikatwi mpaka sahani ishikike kwa mkono mtupu. Nikaiweka dirishani kando ya lile limau.

Tulikaa naye, Icel upande mmoja, mimi upande mwingine. Walizungumza habari za mama yao, na Icel akamhadithia lile limau, jinsi lilivyokuwa na majimaji mengi, jinsi mama alivyokuwa akilikamua mpaka tone la mwisho, na Denzil akawa anaitikia, "Eeh, dada. Eeh, nakumbuka." Alinikonyeza mara moja. Jua la mchana lilikuwa linaingia vizuri. Kisha alisema anapumzisha macho kidogo, tumwamshe ikipoa.

Icel ndiye aliyegundua. Alisema, "Arvella," basi, jina langu tu, na nikajua kutokana na jinsi alivyolisema. Mashine ilikuwa inanguruma kama kawaida na haikuwa ikimpumulia mtu. Nilimshika mkono, ulikuwa vuguvugu. Nilimwita. Nilimwita kwa sauti kubwa, nikamwambia imepoa, Denzil, amka, imepoa, na haikuwa kweli, kwa sababu nilipokwenda dirishani, sijui kwa nini nilikwenda, nikaishika sahani, nayo ilikuwa bado vuguvugu.

Kabla jioni haijaingia kibaraza changu kilijaa wanawake na vyakula. Ludie alikuja na pai yake ya zabibu, ile ile nadhani, na safari hii niliipokea, akanikumbatia, nikalia kwenye koti lake mpaka likalowa. Alinisamehe, na mimi nikamsamehe zabibu zake. Garland alifika kutoka Ohio akiwa hajalala. Tulimzika Denzil juu kule kwa wazazi wake, kwenye mvua nyepesi.

Ile pai haikuliwa. Icel aliifunika kwa kitambaa siku ile ile, na baada ya mazishi nikaikuta imeota ukungu kandokando. Nikaitupa kwa kuku. Ningekula kipande, nami nijue, lakini kila nilipoinua kile kitambaa nilikirudisha.

Baadaye niliosha sahani zote za majirani na kusoma majina chini yake, nikaanza kuzirudisha moja moja, hii na mayai, hii na chupa ya matango. Ya Icel niliiacha mwisho. Chini yake hapakuwa na utepe. Kulikuwa na herufi zilizokwaruzwa kwa msumari kwenye bati, ZELLA, karibu zimefutika. Haikuwezekana kuirudisha na mayai.

Nikapika. Peke yangu, mlango umefungwa, sijui namfungia nani. Nilikoroga nisiache, nikatia siki kidogo, nikaonja, bado, nikatia tena. Niliiacha ipoe mpaka baridi kabisa, nikaendesha gari kupanda mto.

Icel alinifungulia mlango wote mara hii. Alichukua sahani kwa viganja, akaiweka mezani, akainusa, akanitazama. Alikata vipande viwili kwa shida, hakutaka nimsaidie, tukakaa.

"Kinachonipa nguvu ni kimoja," alisema kabla hajala. "Ameondoka hajui. Mama anaweza kupumzika. Alikwenda akiamini ni limau."

Ulimi uliniwasha. Nilimwona Denzil akinikonyeza kwenye lile jua la mchana. Nilimwona juu ya kiti, mdogo, analirudisha lile jiwe dirishani vile vile alivyolikuta.

"Hakujua, wifi," nikasema. "Mpaka mwisho alikuwa anasema limau la mama lilikuwa na majimaji mengi."

Icel aliitikia kwa kichwa, akafuta macho kwa kiganja cha mkono. Ndipo akatia kipande mdomoni. Alitafuna polepole, macho yamefumbwa, na nilimwona uso wake unabadilika, unakuwa wa mtoto, unakuwa wa Denzil kabisa, zile nyusi zake, ule mdomo.

"Arvella," alisema. "Ndiyo yenyewe."

Niliweka uma chini. Maneno yale niliyangoja tangu siku ya harusi, na sasa nimeyapata, na nilitoka nje bila koti nikaenda kusimama karibu na gari, kwa sababu sikutaka wifi yangu anisikie.